Msitu Mdogo wa Nyumbani: Ukate kwa Zamu

Bwana Mhariri ameniomba niandike somo katika sehemu hii ya Kiswahili juu ya miti ya shambani. Asema kuwa wanafunzi wa kilimo wamemwuliza mara nyingi: Je, mtu mwenye eka tatu tu aweza kuwa na msitu? Na akiwa nao, atapata faida gani kuliko kulima mahindi mahali pale? Nimekubali kwa furaha, kwani mimi pia nilikalia madawati hayo zamani, na sasa ni mkulima wa kahawa na migomba kwenye mteremko wa Mlima Elgon, huku Bugisu, katika Uganda. Nina eka tatu. Nusu eka ni msitu.

Jibu langu ni fupi. Msitu mdogo una faida kubwa ikiwa mwenyewe ajua umekua kiasi gani kwa mwaka, naye akakata kiasi hicho tu. Asiyejua hukata kidogo mno kwa woga, au hukata wote kwa siku moja kwa shida. Katika somo hili nitaeleza namna ya kujua kiasi hicho, na namna ya kukata hata msitu ubaki pale pale kila mwaka.

1. Kwa nini watu hukata wote

Huku kwetu shule hufunguliwa mwezi wa Februari, na mzazi mwenye watoto watatu katika sekondari hana usingizi tangu Krismasi. Tena kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, yaani 2022, 2024 na kadhalika, ni mwaka wa imbalu, vijana wetu watahiriwapo, na nyumba yenye kijana yataka chakula cha wageni wengi. Wakati kama huo ndipo mchuuzi wa miti apitapo. Husimama barabarani, huutazama msitu kwa macho tu, kisha hutaja bei ya msitu mzima. Bei hiyo husikika kuwa kubwa, kwa sababu mwenye shida huilinganisha na deni lake, hailinganishi na miti yake.

Nina jirani aliyeuza hivyo. Miti yake ilikuwa na umri wa miaka saba. Watu walikuja na msumeno wa injini, na kwa siku mbili hapakubaki hata mti mmoja. Karo ililipwa, na hilo ni jambo jema. Lakini wakataji walikata visiki juu juu na kuvipasua, magogo yakaburutwa juu yake, na machipukizi machache yaliyotoka yaliliwa na mbuzi. Kufika Juni fedha zilikuwa zimekwisha, na nyumba ile ikaanza kununua kuni. Mwaka uliofuata karo ilidaiwa tena, wala hapakuwa na mti wa kuuza.

Wazee wetu husema akiba haiozi. Ni kweli, lakini akiba ikitolewa yote kwa siku moja si akiba tena. Yafaa basi tuufanye msitu utoe kidogo kila mwaka, kama ng'ombe atoavyo maziwa, wala tusimchinje ng'ombe kwa ajili ya kikombe kimoja.

2. Mti gani, na mahali gani

Msitu haupandwi mahali pazuri pa shamba. Udongo mweusi ulio karibu na nyumba ni wa migomba na kahawa. Mimi nimetumia kipande chembamba chenye mawe, upana wa mita 20 na urefu wa mita 100, kinachopanda mlima. Mahindi hapo yalikuwa yakitoa magunzi kuliko punje.

Mti nilioupanda ni mkaratusi, ambao wengi huku huuita kalitusi. Asili yake ni Australia. Katika nchi jirani ya Kenya ulianza kupandwa mwaka 1902 ili zipatikane kuni za gari moshi la Reli ya Uganda. Watu huusifu na kuulaumu, na pande zote mbili zina haki. Sifa yake ni kwamba hukua upesi, hunyoka, na ukikatwa vizuri kisiki huchipua. Lawama yake ni kwamba hunywa maji mengi, mizizi yake huenda mbali, na mimea iliyo jirani hudumaa. Shambani kwangu safu tatu za kwanza za mahindi kando ya msitu ni fupi kuliko nyingine. Nimechimba mfereji kati ya miti na shamba kuikata mizizi, na mfereji huo lazima uchimbuliwe upya kila baada ya muda.

Kwa hiyo kuna mahali ambapo mkaratusi haufai kabisa. Usiupande kwenye chemchemi wala kando ya kijito. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 juu ya ardhi oevu na kingo za mito ziliweka mita 30 za hifadhi kando ya mito midogo, na mita 100 kando ya mito mikubwa iliyotajwa. Lakini hata pasipo sheria, mtu mwenye akili hataki kumweka mnywaji mkubwa kando ya mtungi wa watoto. Kwenye kijito changu nimeacha miti ya kienyeji ijiotee.

Wala mkaratusi usiwe peke yake katika shamba zima. Mpakani nina migrevilia 48, ambayo hukatwa matawi bila kuuawa. Ndani ya kahawa nina mingaringa na misizi michache. Hiyo ni miti ya kivuli na ya mbao, nayo ni mali ya wajukuu. Somo la leo, hata hivyo, ni juu ya ile nusu eka.

Kumbuka pia kwamba si kila mti huchipua ukikatwa. Msonobari na mtarakwa ukikatwa umekufa, sharti upande mche mwingine. Mkaratusi, msambya na kaliandra huchipua. Zamu nitakazoeleza zafaa zaidi kwa miti ya namna hii ya pili.

3. Kuugawa msitu

Nimepanda kwa nafasi ya mita 2.5 kwa mita 2.5. Kila mti una mita za mraba 6.25. Eneo langu ni mita 20 × 100, yaani mita za mraba 2,000. Gawanya kwa 6.25, utapata miti 320.

Nataka kila mti ukatwe ukiwa na miaka 8, kwa sababu wakati huo shina lafaa kwa nguzo na boriti. Basi nimegawa msitu katika vipande 8, kila kimoja mita 20 kwa mita 12.5, chenye mashimo 40 ya miti. Kila mwaka hukata kipande kimoja. Nikimaliza cha nane, cha kwanza kimetimiza miaka 8 tena. Anayetaka fito na kuni tu aweza kugawa vipande 5 na kukata miti ya miaka 5. Anayetaka mbao pana atagawa zaidi na kungoja zaidi. Kanuni ni moja: hesabu ya vipande iwe sawa na umri wa mti siku ya kukatwa.

Mtu ataniuliza, "Nami ambaye msitu wangu wote ulipandwa mwaka mmoja, nitafanyaje?" Usingoje. Anza kukata kipande cha kwanza miti ikiwa na miaka 5. Hiyo itakuwa myembamba, nayo yafaa kwa fito na kwa kutegemeza migomba yenye mikungu. Mwaka wa 6 kata kipande cha pili, mwaka wa 7 cha tatu, na kuendelea hivyo hata mwaka wa 12, utakapokata kipande cha nane chenye miti minene. Mwaka wa 13 rudi kwenye kipande cha kwanza: machipukizi yake yana miaka 8 kamili. Tangu hapo msitu una umri wote kutoka mwaka 1 hadi 8, na kila mwaka una cha kukatwa.

Vipande vikate mteremko kwa upana, visiteremke na maji. Ukikata ukanda mrefu kutoka juu hadi chini, mvua itaufanya kuwa mfereji. Sisi wa Elgon hatuhitaji kufundishwa sana jambo hili. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka huko Nametsi, wilaya ya Bududa, na vifo vilikuwa vingi mno. Sisemi kwamba nusu eka ya miti yaweza kuuzuia mlima ukiamua kushuka. Nasema tu kwamba mteremko uliovuliwa miti yote kwa siku moja hupoteza udongo katika mvua ya kwanza, na udongo huo haurudi.

Mimi huanza juu na kushuka kipande kwa kipande, ili chini ya mahali palipokatwa pawe na miti iliyosimama. Wala siruki kipande. Ukikata kipande kati ya viwili virefu, machipukizi yatakaa gizani, nayo yataka jua.

4. Kukata na kutunza kisiki

Hapa ndipo kazi ilipo, maana kisiki ndicho mche wako wa miaka 8 ijayo. Fuata mambo haya.

Kwanza, kata mvua zikikaribia au zinapoanza. Kisiki kilichokatwa katikati ya kiangazi hukauka kabla ya kuchipua.

Pili, tumia msumeno wenye meno makali. Panga na shoka butu huchana ganda, na chipukizi hutoka chini ya ganda. Ganda likibanduka, kisiki hakina pa kuchipulia.

Tatu, kata chini, sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, na uso wa kisiki uwe na mwinamo kidogo ili maji yateremke yasikiozeshe. Chipukizi lililotoka juu ya kisiki kirefu hushikilia vibaya, na upepo mkali huling'oa.

Nne, uelekeze mti uanguke mbali na visiki, uyatoe magogo kwa kijia cha pembeni. Matawi yaondolewe juu ya visiki siku hiyo hiyo.

Tano, punguza machipukizi. Baada ya wiki chache kisiki kimoja chaweza kutoa machipukizi kumi au zaidi. Ukiyaacha yote utapata kichaka cha vijiti. Yakifika kimo cha mtu, bakiza mawili au matatu. Yakifika mita 3 au 4, bakiza moja, lililo imara, lililoshika chini karibu na udongo, hasa lililo upande utokako upepo. Kama kisiki cha jirani kimekufa, bakiza mawili, ili nafasi isipotee. Ulivyopunguza si takataka: vya kwanza ni chakula cha moto, vya pili ni vijiti vya kupandishia maharage yatambaayo.

Sita, ziba mapengo. Kisiki kilichokufa kipandiwe mche mkubwa mvua hizo hizo. Ukichelewa mwaka mmoja, machipukizi ya jirani yataupita mche na kuunyima jua.

Kisiki hakiishi milele. Baada ya mavuno matatu hivi nguvu yake hupungua, na yafaa kukiondoa na kupanda upya. Kwa kuwa unakata kipande kimoja kimoja, hutapanda upya msitu wote kwa mara moja, ila miche 40 tu kwa mwaka, na miche 40 mtu mmoja huipanda asubuhi moja.

5. Kuupima mti uliosimama

Sasa, vijana, toeni kalamu. Mchuuzi apitaye barabarani ana faida moja juu ya mkulima: yeye ameona miti mingi, na macho yake yamezoea. Ninyi mna hesabu, na hesabu hushinda macho.

Vitu viwili vyatosha: utepe wa fundi cherehani na fimbo iliyonyoka.

Mzingo. Pima kwa utepe kuzunguka shina, kifuani, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Kwenye mteremko simama upande wa juu wa mti. Andika kwa mita: sentimita 50 ni 0.5.

Urefu. Nyosha mkono mbele ukiwa umeshika fimbo wima. Sehemu ya fimbo iliyo juu ya ngumi iwe sawa na umbali kutoka jichoni mwako hadi ngumini. Sasa rudi nyuma taratibu, hata ngumi ionekane iko kwenye mguu wa mti na ncha ya fimbo iko kwenye kilele. Simama. Umbali kutoka ulipo hadi kwenye mti ndio urefu wa mti, nawe waweza kuupima kwa hatua. Penye mteremko usipande wala usishuke. Rudi kwa upande, ili miguu yako na mguu wa mti viwe usawa mmoja.

Ujazo. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, kisha kwa 0.03. Jibu ni mita za ujazo.

Ile 0.03 imetoka wapi? Mwalimu wenu wa hesabu atawaonyesha kwamba eneo la duara ni mzingo mara mzingo, ukigawanya kwa 12.57. Ukilizidisha eneo hilo kwa urefu unapata ujazo wa nguzo iliyo nene sawasawa toka chini hadi juu. Lakini mti huchongoka. Mkaratusi ulionyoka una kama sehemu 4 katika 10 za nguzo hiyo. Gawanya 0.4 kwa 12.57, utapata karibu 0.032. Mimi huchukua 0.03, ili nisijidanganye kwa ajili ya maganda.

Mfano. Mti wa kawaida katika kipande changu cha miaka 8 una mzingo wa sentimita 50 na urefu wa mita 16. Basi 0.5 × 0.5 × 16 × 0.03 = 0.12. Katika mashimo 40, siku ya kukata hukuta miti 34 iliyo hai na mizuri. Basi 34 × 0.12 = 4.08. Yaani kila mwaka msitu wangu wa nusu eka hunipa kama mita 4 za ujazo. Hilo ndilo fungu langu. Nikikata zaidi, nakata ya mwaka ujao.

Kwa hesabu hii mchuuzi akija hatutazami miti pamoja tukibishana. Namwambia: "Kipande ni hiki, miti ni mingapi, unene ni huu, bei ni ya mti mmoja mmoja." Anayekubali hununua, na asiyekubali huenda zake, nami sina haraka, kwa sababu mti ukingoja mwaka mmoja waongezeka, hauozi kama nyanya.

6. Kuni na nguzo: hesabu ya mwaka mmoja

Watu wengi hupanda miti kwa ajili ya kuuza, wakasahau jikoni. Nyumbani kwangu tu watu saba. Nilipima kwa mizani: kwa mafiga matatu, mzigo wa kilo 20 za kuni kavu ulikwisha kwa siku mbili. Tulipojenga jiko la udongo lenye mdomo mwembamba na bomba la moshi, mzigo ule ule ukatosha siku tatu. Kwa mwaka, mafiga yalikula mizigo 182, na jiko hili hula 122. Tofauti ni mizigo 60, yaani kilo 1,200, ambazo hakuna aliyezikata wala kuzibeba. Mama watoto asema jiko hilo ni kipande cha tisa cha msitu, nami sina la kumjibu.

Basi twahitaji mizigo 122 × kilo 20, ambazo ni kilo 2,440 kwa mwaka. Zatoka wapi?

Migrevilia 48 ya mpakani hukatwa matawi nusu nusu, 24 kila mwaka, na kila mti hutoa kama kilo 30 zikikauka: kilo 720. Ncha na matawi ya mikaratusi 34, kilo 15 kwa mti: kilo 510. Mibuni mizee tunayoikata ili ichipue upya: kama kilo 560. Jumla kilo 1,790. Zapungua kilo 650. Hizo twazipata kwa kupasua mikaratusi iliyopinda, kama 11 katika ile 34.

Yabaki miti 23 iliyonyoka. Mitano twaiacha kwa kazi za nyumbani: boriti, nguzo za zizi, miti ya kutegemeza migomba. Miti 18 yauzwa mwezi wa Januari, kabla shule hazijafunguliwa, na sisi ndio tuchaguao siku. Karo ya watoto wote haitoki hapo, wala sitaki kuwadanganya. Kahawa ndiyo ilipayo zaidi. Lakini kahawa ina mwaka wake mzuri na mwaka wake mbaya, na bei yake hupangwa mbali na sisi. Miti 18 ipo kila Januari.

Kuna faida nyingine isiyouzwa. Juu yetu iko Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa upande wa Uganda mwaka 1993. Nyumba isiyo na mti wake hutazama huko, na wanaokwenda ni akina mama na wasichana, tena kwa kujificha, na mzigo kichwani. Binti zangu huokota kuni nyuma ya nyumba, wakarudi kwenye vitabu vyao.

Haya yote nayajua kwa sababu yameandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nina daftari la kurasa nane, ukurasa mmoja kwa kila kipande: siku kilipokatwa, miti mingapi, mzingo wa kadiri, visiki vingapi vimekufa, miche mingapi imepandwa, na fedha zilizoingia. Mtoto wa darasa la sita aweza kulijaza.

7. Adui za msitu mdogo

Moto. Zungusha ukanda uliofyekwa hata udongo uonekane, upana wa mita 3 au zaidi, hasa upande wa jirani anayechoma majani. Moto mmoja wa Januari humaliza zamu zote nane kwa alasiri moja.

Mbuzi. Kipande kilichokatwa mwaka huu kifungwe kwa miiba mpaka machipukizi yapite kimo cha mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili.

Magugu. Miche michanga yataka palizi miaka miwili ya kwanza. Mwaka wa kwanza waweza kupanda maharage katikati, nawe ukipalilia maharage umepalilia na miti.

Mchwa. Hula mizizi ya miche, zaidi katika kiangazi. Panda mche mkubwa wenye afya, mwanzoni mwa mvua, ushike ardhi kabla ya jua kali.

Nyigu wa vivimbe. Mdudu huyu ni mdogo kuliko sisimizi. Alionekana Kenya na Uganda mwaka 2002. Hutaga mayai katika mishipa ya majani na vikonyo, na mti hufanya vivimbe na kudumaa. Aina nyingine za mkaratusi humshinda, nyingine hushindwa kabisa. Kwa hiyo usinunue miche njiani kwa mtu asiyejua mbegu yake imetoka wapi. Ukiona vivimbe kitaluni, iache miche hiyo.

Kabla ya kupasua na kusafirisha mbao mwone Afisa Misitu wa wilaya. Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya Uganda ni ya mwaka 2003, naye atakueleza karatasi zitakiwazo barabarani. Ni afadhali kumwuliza kabla kuliko kumwona njiani gari likiwa limesimamishwa.

8. Maswali na kazi ya kufanya

(a) Mti una mzingo wa sentimita 60 na urefu wa mita 20. Ujazo wake ni nini? Linganisha na mti wa mfano. Mzingo umeongezeka kwa sehemu moja katika tano tu. Ujazo umeongezeka kwa kiasi gani, na kwa nini?

(b) Mkulima ana robo eka, yaani karibu mita za mraba 1,000, na ataka fito za miaka 5. Amepanda kwa nafasi ya mita 2 kwa mita 2. Atakuwa na miti mingapi, vipande vingapi, na miti mingapi katika kila kipande?

(c) Mchuuzi atoa bei kwa miti 320 yote kwa pamoja. Andika mambo manne ambayo mwenye msitu yampasa ayajue kabla hajajibu.

(d) Kazi ya kikundi. Nendeni jikoni kwa shule na mizani, kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu. Pimeni kuni za siku tatu, mkatafute kadiri ya siku moja, kisha ya muhula. Halafu pimeni miti ya shule kwa utepe na fimbo. Je, miti ya shule yaweza kulisha jiko la shule? Kama haiwezi, ingetakiwa eka ngapi? Chukueni kilo 500 za kuni kavu kwa mita moja ya ujazo, na mita 8 za ujazo kwa eka kwa mwaka.

Majibu ya (a) na (b) mpeni mwalimu wenu. Jibu la (d) naomba Bwana Mhariri alichape katika toleo lijalo, na sisi wanafunzi wa zamani tutalisoma. Ikionekana kwamba shule yataka eka kadhaa na haina hata moja, basi tuambieni pia mahali palipo wazi, ili tuje na majembe mvua za Machi zikianza.